Archimedes, Mpimaji wa Syracuse

 Leo tunamzungumzia Archimedes, mwanahisabati wa Kigiriki ambaye wengi wetu tunamfahamu kwa hadithi moja tu: alikuwa anaoga, wazo likamjia, akatoka mbio barabarani akiwa uchi huku akipiga kelele kwamba amepata. Ni hadithi tamu, lakini imemfunika mwenyewe. Ukiisikia unadhani ugunduzi humshukia mtu akiwa amekaa, na kazi iliyobaki ni kupiga kelele. Archimedes wa kwenye maandishi yake ni mtu mwingine kabisa. Huyo ni mpimaji mkaidi, asiyekubali jambo bila hesabu, na asiyeona haya kukuonyesha hesabu yake imefika wapi na imekomea wapi. Huyo ndiye nataka tukae naye leo.

Tuanze na kwao. Alizaliwa yapata mwaka 287 KK katika mji wa Syracuse, kwenye kisiwa cha Sicily ambacho leo ni sehemu ya Italia. Usishangae Mgiriki kuzaliwa huko. Enzi hizo miji ya Wagiriki ilitapakaa pwani nyingi za bahari ya Mediterania, na Syracuse, ulioanzishwa na watu wa Corinth mwaka 734 KK, ulikuwa miongoni mwa miji mikubwa na tajiri. Baba yake, Phidias, alikuwa mtaalamu wa nyota. Mfalme wa mji, Hieron wa Pili, alimthamini sana Archimedes. Lakini watu wa kuongea nao hisabati hasa walikuwa ng'ambo, katika mji wa Alexandria huko Misri. Akawa anawaandikia. Ndiyo maana vitabu vyake kadhaa vinaanza kama barua: salamu kwa fulani, kisha moja kwa moja kwenye hoja.

Sasa tulitazame taji lililozaa hadithi ya bafu. Aliyetuachia kisa hiki ni Vitruvius, msanifu majengo wa Kirumi aliyeandika kama miaka 200 baada ya Archimedes kufa. Anasimulia kwamba Mfalme Hieron alimpa sonara dhahabu iliyopimwa, atengeneze taji la kutimizia nadhiri hekaluni. Taji likaja, likawekwa kwenye mizani, uzito ukawa uleule. Lakini minong'ono ikaanza kwamba sonara amechomoa dhahabu na kujazia fedha. Archimedes akatakiwa autafute ukweli bila kuliharibu taji. Kwa mujibu wa Vitruvius, alilizamisha kwenye chombo kilichojaa maji hadi ukingoni, akapima maji yaliyomwagika, kisha akalinganisha na maji yanayomwagwa na dhahabu tupu ya uzito huohuo.

Kwa nini maji yatofautiane? Kwa sababu dhahabu ni nzito karibu mara mbili ya fedha. Ukiondoa gramu 300 za dhahabu na kuweka gramu 300 za fedha, mizani haitalalamika, lakini taji litakuwa limenenepa. Njia ya mwongo ni fupi, wahenga walisema, na hapa imekatwa na maji.

Hadi hapo sawa, lakini hebu tushike hesabu kama yeye mwenyewe angetaka. Tuseme taji lina kilo moja. Likiwa dhahabu tupu, litachukua nafasi ya sentimita za ujazo 52 hivi. Likiwa na gramu 700 za dhahabu na 300 za fedha, litachukua kama 65. Tofauti ni 13, ambayo haijazi hata kijiko kimoja cha chakula. Sasa chukua chombo ambacho taji linaweza kuingia, chenye mdomo wa kipenyo cha sentimita 20. Ile tofauti itayapandisha maji kwa sehemu nne tu za kumi za milimita moja. Na kumbuka kwamba maji hutuna ukingoni kabla hayajamwagika, na mengine hung'ang'ania kwenye maua na majani ya taji. Kwa kijiko kisichojaa, sonara mjanja angeweza kukana, na hakimu mwenye haki angesita kumhukumu.

Kijana mmoja wa Italia aliliona tatizo hili mwaka 1586. Jina lake Galileo Galilei, umri wake miaka 22. Aliandika kijitabu kifupi akisema njia ya kumwaga maji haimfai mtu makini kama Archimedes, kwa sababu ipo njia bora ambayo kanuni zake mwenyewe zinaionyesha. Chukua mizani ya mikono miwili. Upande mmoja ning'iniza taji, upande wa pili dhahabu safi ya kilo moja. Zitatulia sawasawa. Sasa zizamishe zote mbili ndani ya maji. Taji litapungukiwa na gramu 65, dhahabu itapungukiwa na gramu 52, na mizani italala upande wa dhahabu kwa gramu 13. Hapo hakuna ubishi, maana gramu 13 kwenye mizani nzuri kila mtu anaziona.

Kanuni inayofanya kazi hapo ni ya Archimedes kweli, nayo imo katika kitabu chake kuhusu vitu vinavyoelea. Humo hataji taji, wala sonara, wala bafu. Anasema kwamba kitu kizito kikizamishwa katika kimiminika hupungua uzito, na uzito unaopungua ni sawa na uzito wa kimiminika kilichosukumwa kando. Kanuni hiyo ndiyo inayoeleza kwa nini kipande cha chuma huzama na meli ya chuma huelea. Meli imetanuliwa umbo lake hadi maji inayoyasukuma kando yana uzito sawa na wake pamoja na shehena yake. Ukiongeza magunia, inashuka kidogo, inasukuma maji zaidi, inatulia tena. Ukizidi, bahari inaingia. Nahodha anayetazama mstari wa maji ubavuni mwa chombo chake kabla ya kung'oa nanga anasoma hesabu ya Archimedes, ajue asijue.

Tuje kwenye wenzo. Hakuvumbua wenzo, wala hakudai. Watu walinyanyua mawe kwa magogo na kupima bidhaa kwa mizani karne nyingi kabla hajazaliwa. Alichofanya ni kuuliza: kwa nini? Akaanza na mambo machache ambayo hakuna wa kuyabisha, kwa mfano kwamba mizigo miwili iliyo sawa, kwa umbali ulio sawa kutoka kwenye egemeo, hutulia. Kutoka hapo akapanda hatua kwa hatua hadi akathibitisha kwamba mzigo ukizidi mara kumi, umbali wa mzigo mwepesi lazima uzidi mara kumi ndipo vitulie.

Chukua mtaimbo na jiwe la kilo 200. Egemeo likiwa sentimita 10 kutoka kwenye jiwe na mkono wako ukiwa mita moja kutoka kwenye egemeo, utalinyanyua kama unayenyanyua kilo 20. Umeona raha? Subiri. Ili jiwe lipande sentimita moja, mkono wako utashuka sentimita 10. Ulichookoa kwenye nguvu umekilipa kwenye mwendo. Jeki ya gari inafuata sheria hiyo, kapi za kupandishia mzigo zinafuata sheria hiyo, na hakuna fundi aliyewahi kuikwepa.

Inasemekana alijigamba kwamba akipewa mahali pa kusimama angeisogeza dunia nzima. Tumpime na yeye kwa kipimo chake. Tukiichukulia dunia kama jiwe la kunyanyuliwa, na mtu anayekandamiza wenzo ana kilo 60, basi ili dunia ipande milimita moja mkono wake ungelazimika kusafiri umbali ambao mwanga wenyewe ungetumia zaidi ya miaka 10,000 kuumaliza. Majigambo yake ni sahihi kihesabu. Tatizo ni muda.

Halafu ipo ile parafujo ya maji inayobeba jina lake. Ni mrija mrefu, au mhimili ndani ya mrija, wenye ubao uliozungushwa kama njia inayopanda mlima kwa kuzunguka. Ncha ya chini inakaa majini, chombo kimelazwa kwa mshazari, mtu anakizungusha. Kila mzunguko unanasa funda la maji na kulisogeza juu kidogo, hadi yanamwagika kwenye mfereji. Diodorus, mwanahistoria wa karne ya kwanza KK, naye mzaliwa wa Sicily, anasema Archimedes alikibuni alipokuwa Misri, na kwamba kilimwagilia mashamba ya bonde la Nile na kukausha maji kwenye migodi ya Hispania. Wapo wasomi wanaodhani Wamisri walikuwa nacho kabla yake. Lisilo na ubishi ni kwamba kifaa hakijastaafu. Mitambo ya kusafisha majitaka inakitumia hadi leo kwa sababu maji yakiwa na takataka hayakizibi kirahisi, na siku hizi wahandisi wamekigeuza: maji ya mto yanateremka ndani yake, parafujo inazunguka, umeme unapatikana.

Msikilizaji, yote hayo ni mambo ya kushikika. Lakini kazi yake iliyoingia katika madaftari ya watoto wetu ni nyingine. Mwanafunzi wa shule ya msingi akiambiwa atafute mzingo wa duara, anaandika kwamba pai, yaani mzingo uliogawanywa kwa kipenyo, ni sawa na 22 kwa 7, anazidisha kipenyo, anasonga mbele. Hiyo 22 kwa 7 imetoka mezani kwa Archimedes, ila yeye hakuwahi kusema kwamba pai ni sawa na 22 kwa 7. Alisema pai ni ndogo kuliko 22 kwa 7. Tofauti ya maneno hayo ndiyo inayomfanya awe Archimedes.

Alifanya hivi. Alichora duara, ndani yake akaweka umbo la pande sita zilizo sawa, pembe zake zikigusa duara. Nje ya duara akaweka umbo jingine la pande sita, pande zake zikiligusa duara kwa nje. Mzunguko wa duara haujulikani, lakini maumbo haya mawili yana mistari iliyonyooka, na mstari ulionyooka unapimika. Lile la ndani ni fupi kuliko duara, na mzunguko wake ni mara 3 kamili ya kipenyo. Lile la nje ni refu kuliko duara, na mzunguko wake unakaribia mara tatu na nusu ya kipenyo. Kwa hiyo pai iko katikati ya hizo mbili. Imebanwa, lakini nafasi bado kubwa.

Akaongeza pande: kutoka 6 hadi 12, kutoka 12 hadi 24, kisha 48, kisha 96. Kila akiongeza, umbo la ndani linanenepa, la nje linakonda, na duara linazidi kukosa pa kujificha. Alipofika pande 96 akatamka: pai ni kubwa kuliko 3 na sehemu 10 za 71, na ni ndogo kuliko 3 na sehemu moja ya 7. Hiyo 3 na sehemu moja ya 7 ndiyo 22 kwa 7 yetu. Ni ukuta wa nje wa zizi alilolijenga.

Na alifanya hivyo bila tarakimu tunazotumia sisi. Wagiriki waliandika namba kwa herufi za alfabeti yao. Hawakuwa na sifuri, wala mtindo wetu ambao namba 5 ikihama nafasi inakuwa 50 au 500. Jaribu kutafuta kipeuo cha pili cha 3 kwa herufi! Yeye alisema kiko kati ya 265 kwa 153 na 1,351 kwa 780. Tukitumia kikokotoo leo, tunamkuta yuko sahihi. Namna alivyozipata namba hizo hakuieleza, na wanahisabati wamekuwa wakibahatisha majibu tangu hapo.

Je, kosa la 22 kwa 7 ni kubwa kiasi gani? Fundi anayekata bati la kuzungushia tangi la maji lenye kipenyo cha mita 2, akitumia 22 kwa 7, atazidisha milimita mbili na nusu hivi. Mkasi wake wenyewe unakosea zaidi ya hapo. Lakini fundi anaweza kuwa na amani hiyo kwa sababu tu kuna mtu aliyembania kosa pande zote mbili. Namba bila kiwango cha kosa ni maneno matupu. Hili tunalisahau kila siku tunapotangaziwa makadirio ya mavuno, ya gharama, ya muda wa kumaliza barabara. Tunapewa namba moja iliyonyooka, na hakuna anayetuambia haipungui ngapi wala haizidi ngapi.

Kipo pia kitabu chake kidogo kuhusu mchanga, alichomwandikia Gelon, mwana wa Hieron. Watu walikuwa wakisema punje za mchanga hazihesabiki. Yeye akasema zinahesabika, tena si za ufukwe wa Syracuse tu, bali hata zile ambazo zingejaza ulimwengu mzima. Haba na haba hujaza kibaba, sisi tunasema. Yeye akageuza ulimwengu kuwa kibaba. Shida ilikuwa lugha. Namba kubwa kuliko zote yenye jina lake kwa Kigiriki ilikuwa 10,000. Basi akabuni mpango wa kuzipa majina namba kubwa zaidi, akipanda makundi kwa makundi. Akakadiria punje ngapi za mchanga zinaenea katika mbegu moja ya mpopi, mbegu ngapi katika upana wa kidole, akaendelea hivyo hadi kwenye nyota. Jibu lake, kwa maandishi yetu: punje hazizidi moja ikifuatwa na sifuri 63.

Katika kitabu hicho alihitaji ulimwengu mkubwa iwezekanavyo, akauchukua wa Aristarchus wa Samos, aliyesema kwamba dunia ndiyo inayolizunguka jua. Kumbuka hiyo ni karne ya tatu KK, miaka zaidi ya 1,700 kabla ya Copernicus kusema hivyohivyo. Maandishi ya Aristarchus kuhusu jambo hilo yamepotea. Tunayajua hasa kwa sababu Archimedes aliyataja alipokuwa akihesabu mchanga.

Sasa vita. Hieron alikuwa rafiki wa Roma kwa miaka mingi. Alipokufa mwaka 215 KK, mji ukageukia upande wa Carthage, adui wa Roma, na jemadari Marcus Claudius Marcellus akaletwa kuuzingira. Polybius, mwanahistoria aliyeishi karibu na wakati huo, anaeleza yaliyowapata Warumi. Kulikuwa na mitambo ya kurusha mawe iliyopangwa kwa masafa tofauti, hivyo ukikwepa ya mbali unaangukia ya karibu. Kulikuwa na matundu ukutani ya kurushia mishale. Na kulikuwa na winchi zenye makucha ya chuma zilizoinama kutoka juu ya ukuta, zikashika meli kwa omo, zikaiinua, kisha zikaiachia ghafla. Hapo utaona wenzo na kapi vikifanya kazi ambayo kitabuni hakuitaja.

Ile habari kwamba alichoma meli kwa vioo vya kuakisi jua, Polybius haitaji hata kidogo. Imekuja karne nyingi baadaye. Mwaka 2005 wanafunzi wa chuo cha MIT cha Marekani walipanga vioo zaidi ya 100 na kufanikiwa kuwasha mfano wa meli uliokuwa umesimama tuli, kama mita 30 kutoka kwao. Meli ya adui haisimami tuli ikusubiri. Hadithi hii tuiache ilipo.

Mitambo iliwazuia Warumi, wakabadili mpango: wakauzunguka mji na kungoja. Mwaka 212 KK, wakati wenyeji wakisherehekea sikukuu ya mungu wao Artemis, walinzi wakiwa wamelewa, askari wa Roma walipanda ukuta usiku. Miezi michache baadaye, kwa usaliti wa ndani, mji wote ukaanguka. Marcellus, wanasema, alitaka Archimedes aletwe hai. Askari mmoja alimuua. Masimulizi yanatofautiana, lakini karibu yote yanamweka mzee huyo wa miaka kama 75 akiwa juu ya michoro yake.

Kwa mujibu wa Plutarch, mwandishi wa kale, Archimedes aliwaomba ndugu na rafiki zake waweke juu ya kaburi lake mchoro wa tufe ndani ya silinda. Miaka 137 baadaye, mwaka 75 KK, Cicero, ofisa kijana wa Kirumi aliyepangiwa kazi Sicily, alilitafuta kaburi hilo. Wenyeji wa Syracuse walimwambia halipo. Akalikuta karibu na lango la kwenda Agrigento, limefunikwa na vichaka na miiba, tufe na silinda vikichomoza juu. Akaagiza watu wenye mundu wakafyeke.

Mchoro ule unasema nini? Chukua tufe, livishe silinda inayolibana kotekote, juu, chini na ubavuni. Archimedes alithibitisha kwamba ujazo wa tufe ni theluthi mbili kamili za ujazo wa silinda, na eneo la ngozi yake ni theluthi mbili kamili za eneo lote la silinda pamoja na vifuniko vyake. Mtu aliyezuia jeshi la Roma alitaka akumbukwe kwa hilo.

Alilindaje heshima ya uthibitisho? Sikia alichowafanyia wenzake wa Alexandria. Alizoea kuwatumia majibu bila hatua, wajaribu wenyewe kwanza. Baadaye akagundua wapo wanaodai kwamba yale wameshayagundua zamani. Katika utangulizi wa kitabu chake kuhusu mistari ya kuzunguka anaeleza, bila kuficha, kwamba miongoni mwa majibu aliyowatumia mawili yalikuwa na kasoro. Ulikuwa mtego: anayedai amegundua kila kitu bila kutoa uthibitisho siku moja atajikuta amedai kugundua jambo lisilowezekana.

Lakini alijuaje mahali pa kuyatafutia majibu yake? Swali hilo liliwasumbua watu hadi mwaka 1906. Mwaka huo msomi wa Denmark, Johan Ludvig Heiberg, alionyeshwa huko Constantinople kitabu cha sala cha karne ya 13. Kiliandikwa juu ya ngozi zilizokwisha kutumika. Mnamo mwaka 1229 mtu alihitaji ngozi za kuandikia, akachukua nakala ya kazi za Archimedes iliyonakiliwa karne ya 10, akakwangua wino, akazigeuza kurasa ubavu, akaandika sala. Heiberg alisoma maandishi yaliyofifia chini ya sala, akakuta kitabu kilichokuwa kimepotea. Baadaye kile kitabu cha sala kikatoweka, kikaibukia kwenye mnada New York mwaka 1998, kikauzwa kwa dola milioni 2. Mnunuzi, ambaye jina lake halikutangazwa, alikikabidhi kwa wataalamu wa makumbusho ya Walters, mjini Baltimore. Wakazipiga kurasa picha kwa mwanga wa rangi mbalimbali. Zile zilizoshindikana wakazipeleka California kwenye mtambo wa eksirei, ambao ulizitambua chembechembe za chuma zilizobaki kutoka kwenye wino wa zamani, hata chini ya picha zilizopakwa juu yake.

Kitabu kilichopotea, alichokikuta Heiberg chini ya sala, ni barua kwa Eratosthenes, mzaliwa wa Cyrene katika nchi ambayo leo ni Libya, aliyekuwa msimamizi wa maktaba ya Alexandria. Ndani yake Archimedes anafungua mlango wa karakana yake. Anasema majibu mengi aliyapata kwanza kwa mizani ya kuwaza tu: alilikata umbo akilini vipande vyembamba kama karatasi, akavitundika upande mmoja wa wenzo, upande wa pili akatundika umbo analolijua, akatazama vinatulia wapi. Tufe na silinda vilipimwa hivyo. Kisha anaonya kwamba hiyo ni njia ya kupata jibu, bado si uthibitisho, na uthibitisho lazima uje baadaye kwa jiometri. Na anasema anaitoa siri hiyo kwa matumaini kwamba wengine, walio hai au watakaokuja, wataitumia kugundua ambayo yeye hakuyaona.

Kwa hiyo, msikilizaji, hukumu yangu ni hii. Mashine nyingi za Archimedes zimepitwa: tuna pampu, tuna winchi za bandarini, tuna silaha ambazo ni heri tusingekuwa nazo. Uthibitisho wake haujapitwa hata mmoja. Thabit ibn Qurra aliutafsiri kwa Kiarabu huko Baghdad katika karne ya 9, akaukuta sawa. Galileo akaukuta sawa. Mwanafunzi wa chuo kikuu leo anaukuta sawa. Ukubwa wake ni kutenganisha mambo matatu ambayo sisi tunayachanganya kila siku: ninachohisi, ninachokadiria, na ninachoweza kuthibitisha.

Nina ombi moja kwa walimu na wazazi mnaonisikiliza. Kabla hujampa mtoto 22 kwa 7, mpe mfuniko wa sufuria, uzi na rula. Azungushe uzi, aupime, agawe kwa kipenyo, aandike alichopata, kisha umuulize anadhani amekosea kwa kiasi gani. Hata akileta 3.2, mpongeze kwa kupima, kisha mwonyeshe jinsi ya kupunguza kosa.